Biashara na Mawasiliano na Adui Wakati wa Vita: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yameletwa na watu wanaofuatilia historia ya mashamba, misheni na maduka ya zamani ya pwani na Kilimanjaro. Mtu anafungua faili la kale, anakutana na maneno "mali ya adui", anakwama hapo. Majibu yangu yanafuata zaidi sheria ya Uingereza, kwa kuwa ndiyo iliyotuangukia huku katika vita vyote viwili vikuu. Ya Marekani na ya Wajerumani nimeyagusa pale yanapohusika.

Kilichokatazwa hasa ni nini?

Kumuuzia adui, kununua kwake, kumlipa deni, kumkatia bima, kumbebea mzigo melini, kumpelekea barua au telegramu bila ruhusa. Na si kwa mkono wako tu. Ukimtumia mtu wa nchi isiyo vitani akufanyie, kosa ni lilelile.

Katazo lenyewe ni la kale. Mwaka 1799, katika kesi ya meli iliyoitwa The Hoop, jaji Sir William Scott alishikilia kwamba raia hana ruhusa ya kufanya biashara na adui mpaka apewe idhini na Mfalme. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, London ilitoa tangazo tarehe 5 Agosti 1914, likafuatwa na jingine pana zaidi tarehe 9 Septemba. Tarehe 18 mwezi huohuo ikapitishwa Sheria ya Biashara na Adui, na adhabu yake ilifika kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu. Sheria ya pili ilikuja Septemba 1939, siku mbili tu baada ya Uingereza kutangaza vita.

Mlango mmoja uliachwa wazi, nao ni leseni. Mwenye kibali cha serikali aliweza kufanya yale ambayo mwenzake angefungwa kwa kuyafanya. Kwa hiyo ukikuta kwenye faili malipo yaliyovuka kwenda upande wa pili, usikimbilie kusema hapa pana uhalifu. Tafuta kwanza kibali.

"Adui" ni nani? Ni kila Mjerumani?

Hapana, na hapa ndipo wengi hupotea. Kwa mambo ya biashara, sheria ya Uingereza haikuuliza kwanza una uraia gani. Iliuliza unaishi wapi na unafanyia wapi biashara yako. Mahakama ya Rufani iliweka jambo hili wazi mwaka 1915 katika kesi ya Porter na Freudenberg. Mwingereza aliyeamua kubaki Hamburg akiendesha duka lake alihesabiwa adui. Mjerumani aliyeruhusiwa kuendelea kuishi London hakuwa adui kwa maana hiyo. Angeweza kutiwa kizuizini, lakini hilo ni jambo la sheria nyingine.

Kesi hiyohiyo ilitoa kanuni nyingine ambayo kwangu ni nzito: adui hawezi kuja mahakamani kudai haki yake vita vikiendelea, lakini yeye anaweza kushtakiwa. Mlango wa mahakama ulifunguka upande mmoja tu.

Kwenye makampuni mambo yalikuwa magumu zaidi. Kampuni ya Continental Tyre ilisajiliwa Uingereza kwa taratibu zote. Ilikuwa na hisa 25,000, na zote isipokuwa moja zilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Hiyo moja ilikuwa ya katibu wa kampuni, mtu aliyekuwa amepata uraia wa Uingereza. Continental ikaidai Daimler fedha za matairi. Daimler ikajibu: tukikulipa wewe, tumemlipa adui. Kesi ikafika Baraza la Malodi, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, na mwaka 1916 majaji wakaamua kwamba usajili peke yake hautoshi, lazima uangaliwe mkono unaoishika kampuni. Leo benki zinapouliza "mmiliki halisi ni nani?", zinauliza swali lilelile la matairi yale.

Mwaka huohuo wa 1916 Uingereza ikaenda hatua moja mbele. Ilitoa orodha nyeusi ya wafanyabiashara walioishi katika nchi zisizo vitani, wengi wao Amerika ya Kusini, ambao Mwingereza alikatazwa kufanya nao biashara kwa sababu walishukiwa kuunga mkono Ujerumani. Serikali ya Marekani, wakati huo ikiwa bado haijaingia vitani, ililalamika vikali majina ya makampuni yake yalipoonekana humo.

Mkataba uliosainiwa kabla ya vita ulikuwaje?

Kama kuutekeleza kulimaanisha kushughulika na adui, ulikufa. Baraza la Malodi lilisema hivyo mwaka 1918 katika kesi ya Rio Tinto, iliyohusu mikataba ya kuwauzia Wajerumani madini. Mikataba ile ilikuwa na kipengele cha kuisimamisha vita vikitokea, na bado hakikuiokoa. Deni lililokwisha iva halikufutwa. Lilisimama, na mara nyingi fedha zake zilipelekwa kwa Msimamizi wa Mali za Adui, afisa aliyewekwa na sheria ya Novemba 1914.

Barua za familia nazo zilikatazwa?

Ndiyo. Na mimi naona hapa ndipo sheria hii iliumiza watu wengi ambao hawakuwa na bidhaa hata moja ya kuuza.

Kabla ya barua zilianza nyaya. Alfajiri ya tarehe 5 Agosti 1914, saa chache baada ya vita kutangazwa, meli ya Uingereza iitwayo Alert ilivua na kukata nyaya za Ujerumani zilizopita chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Tangu hapo habari nyingi za Berlin zilizokwenda nje ya Ulaya zilitegemea redio, au zilipita kwenye nyaya za watu wengine ambako zilisikilizwa. Posta ikajaa wakaguzi wenye mikasi na wino mweusi.

Katika Vita vya Pili palikuwa na njia mbili halali za kumwandikia ndugu aliyekuwa upande wa adui. Ya kwanza ilipita Ureno, nchi isiyo vitani: barua iliwasilishwa kwa kampuni ya usafiri ya Thomas Cook, na anwani ya kujibiwa ilikuwa Sanduku la Posta 506, Lisbon. Mwandishi hakuruhusiwa kutaja mji wake wala jambo lolote la vita.

Ya pili ni fomu ya Msalaba Mwekundu. Ni karatasi moja, yenye nafasi ya maneno 25 tu, ya habari za kifamilia. Ilipita Geneva, ikasomwa na wakaguzi wa pande zote mbili, na jibu liliandikwa mgongoni mwa karatasi hiyohiyo. Kwenda na kurudi kuliweza kuchukua miezi. Katika vita vile zilipita karibu fomu milioni 24.

Kama unataka kujua uzito wake, jaribu mwenyewe. Mimi nilijaribu, kama vile ningekuwa namwandikia ndugu yangu, nikapata hivi: "Sote tu wazima. Mama alilazwa, karudi nyumbani. Mtoto kazaliwa, wa kike, tumempa jina la bibi. Barua zako hazifiki. Tunakuombea. Andika hata neno moja. Tuko palepale." Yametimia maneno 25. Nimemkosa baba, nimekosa hali ya chakula, nimekosa nafasi ya kusema mama alilazwa kwa ugonjwa gani. Nilipomaliza nilikaa kimya kwa muda.

Huku kwetu kizuizi kilifanyaje kazi katika Vita vya Kwanza?

Afrika Mashariki ya Kijerumani ilizungukwa. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Uingereza Astraea ilipiga mizinga kituo cha redio cha Dar es Salaam, na kuanzia tarehe 1 Machi 1915 pwani yote iliwekwa chini ya marufuku rasmi ya meli kuingia na kutoka. Nyumba za biashara za Wajerumani zilizokuwa Unguja na Mombasa kwa miaka mingi, kama O'Swald ya Hamburg, zikageuka mali ya adui.

Zuio lilivuja mara mbili kwa mambo makubwa. Aprili 1915 ilikuja meli iliyojifanya ya Denmark, ikiwa imeandikwa jina la Kronborg. Jina lake halisi lilikuwa Rubens, meli ya Kiingereza iliyokamatwa Hamburg vita vilipoanza. Manowari Hyacinth iliifukuza mpaka Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikaipiga hadi ikashika moto. Waingereza wakaondoka wakiamini kazi imekwisha. Kumbe mzigo mwingi ulikuwa salama chini ya maji. Wapiga mbizi wakaingia, wakatoa bunduki na masanduku ya risasi, kisha zikaanza wiki za kazi ya kidole na jicho: risasi moja moja inafunguliwa, baruti inaanikwa juani, inafungwa tena. Ya pili ni meli Marie, iliyofika Ghuba ya Sudi, upande wa Lindi, Machi 1916.

Barua chache zilipenya kupitia Msumbiji ya Wareno, mpaka Ureno nayo ilipoingia vitani Machi 1916.

Kilichokosekana kilitengenezwa. Gome la mkwinini kutoka Amani, Usambara, liligeuzwa dawa ya malaria. Noti za rupia zilipigwa chapa kwenye karatasi ya aina yoyote iliyopatikana. Mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Tabora, zilipigwa sarafu za dhahabu za rupia 15, zaidi ya 16,000, kwa dhahabu ya machimbo ya Sekenke, zikiwa na picha ya tembo na mlima nyuma yake. Wakusanyaji wanazitafuta mpaka leo kwa bei kubwa. Hizo noti za karatasi zilikuwa habari nyingine: serikali iliyoahidi kuzilipa ilikuwa imeshakimbilia porini.

Wananchi wa mpakani walitendewaje?

Tajiri wa Hamburg aliweza kuajiri wakili na kusubiri amani. Mkulima wa mpakani hakuwa na wakili, na kosa lake la "kuwasiliana na adui" halikupimwa mahakamani.

Chukua Kasigau, kilima kilicho chini ya milima ya Taita, upande wa Kenya, karibu na mpaka. Mwaka 1915 Waingereza waliwatuhumu wenyeji kwamba wamewaonyesha Wajerumani njia. Agosti ya mwaka huo nyumba zao zilichomwa moto, na watu wote, wazee kwa watoto, wakahamishiwa Malindi. Walitolewa kwenye hewa ya mlimani wakatupwa kwenye joto na malaria ya pwani, na wengi walifia huko. Waliosalia waliruhusiwa kurudi kwao katika miaka ya 1930. Waandishi wa vita wamemwaga wino mwingi kwa meli ya Kronborg. Kasigau wameipa mistari michache, na mimi nasema hiyo si haki.

Wajerumani nao walifanya yao. Wamisionari Waingereza walifungwa Tabora, na pamoja nao waalimu na wahudumu wa Kiafrika wa misheni hizo walitiwa ndani kwa shaka kwamba wanapeleka ishara kwa Waingereza. Walifunguliwa Wabelgiji walipoiteka Tabora Septemba 1916.

Vita vya Pili, tuhuma ileile ilitumika kisiasa. Mei 1940 serikali ya Kenya ilipiga marufuku Kikuyu Central Association (chama cha Wakikuyu), pamoja na chama cha Wakamba na chama cha Wataita, ikidai wana mawasiliano na Waitalia. Viongozi wakapelekwa kizuizini Kapenguria. Vyama hivyo kwa miaka kadhaa vilikuwa vikipigania ardhi, na Wakamba hasa wakipinga kupunguziwa mifugo. Nionavyo mimi, vita vilikuwa fursa ya kuwanyamazisha.

Mashamba ya Wajerumani yalikwenda wapi?

Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 297, uliwapa washindi haki ya kuzishika na kuziuza mali za raia wa Ujerumani zilizokuwa kwenye maeneo yao. Kulipwa fidia, Mjerumani aliambiwa akaidai serikali yake mwenyewe. Tanganyika, mashamba ya mkonge, kahawa na mpira pamoja na nyumba za mijini yakauzwa kwa mnada miaka ya mwanzo ya 1920. Wagiriki na Wahindi wengi walinunua, nao Waingereza pia. Mwaka 1925 Wajerumani wakaruhusiwa kurudi, na baadhi wakaanza upya.

Halafu ikaja Septemba 1939. Wanaume wa Kijerumani wakakusanywa, na Msimamizi wa Mali za Adui akakabidhiwa funguo za mashamba kwa mara ya pili. Ndiyo maana baadhi ya mafaili yana tabaka mbili za "adui", karibu miaka 20 kati yao. Wengi husoma la kwanza wakadhani wamemaliza.

Linalonigusa ni kwamba katika mikono yote hii, wa Mjerumani, wa Msimamizi, wa mnunuzi, swali la Mchaga, Mmeru au Msambaa ambaye ardhi ilikuwa yake kabla ya wote halikuwa na nafasi kwenye fomu. Fomu ilikuwa na sehemu ya mmiliki na sehemu ya adui.

Na makanisa?

Misheni za Kilutheri za Leipzig, Berlin na Bethel zilitegemea fedha na wachungaji kutoka Ujerumani. Mwaka 1939 vyote viwili vilikatika, na wamisionari wakatiwa kizuizini. Ziliitwa misheni yatima. Walutheri wa Marekani na Sweden waliingia kusaidia, lakini waliobeba kazi ya kila siku, ibada, shule, mazishi, walikuwa wachungaji na waalimu Waafrika. Upande wa Kenya, mapadre Waitalia wa Consolata nao walitiwa kizuizini Italia ilipoingia vitani mwaka 1940.

Ni kweli asprini ilinyang'anywa?

Ni kweli, Marekani. Sheria yao ya Biashara na Adui ilisainiwa na Rais Woodrow Wilson tarehe 6 Oktoba 1917. Msimamizi wa mali za wageni alikuwa A. Mitchell Palmer, naye alizishika kampuni tanzu za Wajerumani. Desemba 1918, mwezi mmoja baada ya mizinga kunyamaza, kampuni ya Bayer ya Marekani ilipigwa mnada kwenye kiwanda chake New York, ikachukuliwa na Sterling kwa zaidi ya dola milioni 5. Bayer ya Ujerumani ilikaa bila jina lake nchini humo mpaka mwaka 1994, iliponunua biashara hiyo kwa dola bilioni 1.

Vikwazo vya leo ni jambo hilohilo?

Ni ndugu, si pacha. Sheria ya biashara na adui inahitaji vita, na inamfunga kila mtu mpaka apewe kibali. Vikwazo huwekwa hata bila vita, na aghalabu hulenga watu au bidhaa fulani. Nchi jirani zilipoiwekea Burundi vikwazo Julai 1996, baada ya mapinduzi ya Buyoya, hazikuwa vitani nayo. Vikwazo viliondolewa Januari 1999, na kwa miaka hiyo petroli na bidhaa zilipita kwa magendo kwa bei aliyopanga mwenye gari.

Mpaka kati ya hayo mawili umefifia, na Marekani ndiyo mfano wake. Sheria ile ya 1917 bado inatumika dhidi ya Cuba, nchi ambayo haijapigana nayo vita vilivyotangazwa, na marais wameendelea kuirefusha kila mwaka. Mwaka 1933 Rais Roosevelt alitumia kipengele chake kufunga mabenki ya nchi yake mwenyewe, wakati wa amani kabisa.

Wasomaji wa Goma hawahitaji mifano ya mbali. Waasi wa M23 walipoingia mjini Januari 2025, mabenki yalifunga milango. Mwenye mshahara kwenye akaunti alibaki anauona kwenye simu tu, au anavuka kwenda Gisenyi, Rwanda, kutafuta fedha taslimu.

Nitajuaje kama shamba la kwetu liliwahi kuwa mali ya adui?

Anza na hati yenyewe. Mashamba mengi ya wakati wa Wajerumani yalikuwa na umiliki wa kudumu, na umiliki huo ulibadilishwa na sheria ya mwaka 1963 kuwa ukodishaji wa miaka 99. Kwa hiyo hati ya sasa inaweza isionyeshe lolote la nyuma ya hapo, na inabidi uulize daftari la usajili la zamani kwa namba ya shamba. Jina la shamba halitoshi, kwa sababu wanunuzi wa mnada walibadili majina.

Kisha nenda Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ambako yametunzwa mafaili ya Wajerumani na ya Waingereza. Ya Wajerumani yameandikwa kwa mwandiko wa zamani, na hata msomi wa Kijerumani cha leo husumbuka nao, kwa hiyo tafuta wa kukusaidia kabla hujalipia nakala. Andika tahajia zote za jina la mahali, kwa maana Moshi iliandikwa Moschi, lakini Usambara ikabaki Usambara. Ukilipata faili, angalia vipindi viwili kwa uangalifu: miaka ya mwanzo ya 1920, na 1939. Na pembeni mwa ramani, mara nyingi kwa penseli, yamo majina ya vijiji vilivyokuwepo kabla shamba halijapimwa. Yanakili hayo kwanza, penseli hufutika.